Mkulima Aliyeanika Dawa

Kisa hiki kisome taratibu. Ukikimaliza, usikisambaze kwa watu wote. Mtumie mtu mmoja tu, yule unayejua ana mgonjwa nyumbani.

Palikuwa na mkulima wa kahawa aitwaye Menradi, katika vijiji vya milimani kule kusini. Kahawa yake haikuwa nyingi, lakini kwenye chama cha ushirika ilipangwa daraja la juu karibu kila msimu, na sababu ilijulikana. Menradi alijua kuanika. Nyuma ya nyumba alikuwa amejenga vichanja virefu vya nguzo na wavu. Hapo alitandaza kahawa yake kwa unene mmoja, akaigeuza kwa mkono, na akitia punje moja kinywani na kuibana kwa jino aliweza kusema kama imekauka au bado. Kitu kilichopita juu ya kichanja chake hakikuoza. Hiyo ndiyo elimu aliyoiamini kuliko zote.

Mkewe aliitwa Odilia. Alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano tangu mtoto wao, Ansigari, alipokuwa shule ya msingi, na sasa Ansigari alikuwa mtu mzima mwenye familia yake mjini. Miaka yote hiyo Odilia aliuangalia ugonjwa wake mwenyewe. Vichupa vya insulini alivitia kwenye chungu kidogo, na chungu akakikalisha ndani ya beseni la mchanga alioulowesha maji, kwenye pembe ya chumba isiyofikiwa na jua. Alijua kiasi cha ugali kinachomtosha. Alijua kizunguzungu cha njaa na kizunguzungu cha sukari iliyopanda, na alivitofautisha bila kumwuliza mtu. Kila mwezi alipanda gari hadi kliniki ya hospitali, akarudi na dawa zake ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu.

Watu wakimwuliza habari za ugonjwa, alijibu, "Tumezoeana. Ni kama mpangaji mkorofi. Simpendi, ila najua saa zake za kutoka na za kurudi."

Menradi hakuwa na kazi yoyote katika jambo hilo. Hata sindano ilipochomwa, yeye aligeuza uso.

Ndipo ukaja mwaka wa korona. Siku moja redio ilisema kwamba wanaokufa zaidi ni wazee na wenye magonjwa ya muda mrefu, kama vile kisukari na presha. Ilisema mara moja tu, katikati ya habari nyingine, kisha likafuata tangazo la mbolea. Menradi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini bila kunywa, na tangu hapo sentensi ile haikumtoka.

"Kuanzia leo hutoki," alimwambia mkewe. "Kliniki nitakwenda mimi. Sokoni nitakwenda mimi. Kanisani hatuendi, tutasali hapa hapa."

"Na chooni?" Odilia akauliza. "Au nako utaniendea?"

Menradi hakucheka.

Akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Akaomba kliniki imruhusu kumchukulia mkewe dawa, nao wakamruhusu, kwa kuwa siku zile walitaka watu wachache. Hata sindano, ile aliyokuwa akiigeuzia uso, sasa aliivuta yeye, huku Odilia akimwambia kwa sauti ya chini mstari wa kuishia kwenye bomba la sindano.

Tatizo lilikuwa moja: hakujua afanye nini. Alichotaka alikijua. Alitaka Odilia asife. Lakini kati ya kutaka huko na kitendo cha kufanya kesho asubuhi palikuwa na ukungu mtupu.

Kaka yake Odilia, Gaudensi, ndiye aliyekuwa na simu kubwa. Kila siku alikuja, akasimama nje ya uzio, akavuta barakoa hadi kidevuni na kusoma alichotumiwa.

"Shemeji, daktari mmoja wa ng'ambo anasema tangawizi."

"Juzi ulisema tangawizi inapandisha presha."

"Hiyo ilikuwa ya juzi, shemeji. Hii ni mpya."

Ikaja habari ya asali na limau. Menradi akachanganya kikombe, akamletea mkewe. Odilia akakinusa, akakirudisha.

"Asali kwa mtu wa sukari? Mnataka kuniua kwa utamu."

Ikaja habari ya kujifukiza. Menradi akachemsha majani, akamfunika mkewe blanketi juu ya sufuria. Kabla mvuke haujakwisha, Gaudensi akasoma kutoka uzioni kwamba mvuke unaunguza mapafu. Menradi akalifunua blanketi. Gaudensi akasoma tena, akasema hapana, huyo aliyeandika hivyo amekanushwa. Menradi akalirudisha.

"Jamani," Odilia akasema kutoka gizani mle, "nimeiva au bado?"

Menradi alikonda. Usingizi ulimkimbia. Alinawa mpaka ngozi ya viganja ikapasuka. Siku moja alitia punje ya kahawa kinywani, akaibana, na hakujua kama imekauka. Akaitema, akajaribu nyingine. Hakujua. Alisimama pale kichanjani kwa muda mrefu, mtu ambaye jino lake mwenyewe limeacha kumwambia kitu.

Kisha Gaudensi akaja na ujumbe mwingine. Kirusi, alisoma, hupenda baridi. Kikiwekwa juani hufa.

Hapo Menradi akatulia kwa mara ya kwanza. Katika maneno yote yale, hili alilielewa. Jua alilijua.

Siku hiyo hiyo alifagia kichanja kimoja, akakitenga. Kila kilichoingia nyumbani kilianza hapo: viatu, noti, pakiti ya chumvi, rozari iliyorudishwa na jirani. Alivipanga kwa mistari, akavigeuza kama anavyogeuza kahawa. Kisha akaingia ndani, akalitazama lile beseni la mchanga mbichi na chungu chake, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Akavitoa vile vichupa, akavipeleka kichanjani. Jioni alivihifadhi kwenye kopo kavu juu ya rafu ya jikoni, karibu na moto. Kesho yake asubuhi akavianika tena, kwa sababu mikono ilikuwa imevigusa.

Odilia alimwona kupitia dirisha. Akatoka.

"Baba Ansigari, hiyo haipendi jua."

"Na kirusi je, kinalipenda?"

"Mimi nasema habari ya dawa."

Menradi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa nifanye nini?" alisema. "Kila kitu mnasema siyo. Tangawizi siyo, asali siyo, mvuke siyo. Na jua nalo siyo? Niambie basi, mimi nifanye nini?"

Odilia alimtazama.  Akatengeneza kanga yake, akarudi ndani.

Menradi alichukulia kwamba amekubali.

Wiki zilipopita, Odilia alianza kuona kiu. Alikunywa mtungi mzima na bado akalamba midomo. Aliamka mara kwa mara kwenda kukojoa. Nguo zikamlegea. Alipunguza ugali hadi ukawa tonge la mtoto, lakini kiu haikupungua. Menradi naye, alipoona hivyo, alizidisha alichokuwa akifanya. Alivianika vichupa tangu jua linapochomoza hadi linapokaribia kutua.

Baadaye Odilia akaanza kuhema. Alipumua haraka na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

Gaudensi alisikia mlio ule akiwa uzioni, akapandisha barakoa yake.

"Shemeji, ndio wenyewe huo. Kubanwa pumzi. Imeandikwa."

"Nimpeleke hospitali?"

"Ukimpeleka watamtenga. Hutamwona. Na likitokea la kutokea, wanazika wao. Hata kumwosha hamruhusiwi."

"Nisipompeleka?"

Gaudensi akatazama simu yake, akaisogeza juu na chini. "Wengine wanasema nyumbani ni salama zaidi. Wengine wanasema usichelewe."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi? Mimi sioni kitu, shemeji. Mimi nasoma tu."

"Mnamjadili nani?" Odilia akauliza kutoka kitandani, sauti ikiwa nyembamba.  Walisogea mbali kidogo, wakaendelea.

Siku iliyofuata Odilia alimwita Menradi kwa jina la baba yake mwenyewe aliyekwisha kufa, akamwomba amfungulie mbuzi. Hawakuwa na mbuzi. Pumzi yake ilinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Menradi hakumwuliza tena mtu. Alimbeba hadi barabarani, akasimamisha gari la ushirika lililokuwa likikusanya kahawa, wakalala wote wawili juu ya magunia, yeye akiwa amemshika kichwa kisigonge ubavu wa gari.

Hospitalini waliwapokea chini ya turubai. Muuguzi wa zamu aliitwa Skolastika, mama wa makamo, miwani yake ikiwa imejaa ukungu wa pumzi kwa sababu ya barakoa. Alimtoboa Odilia kidole, akatia tone la damu kwenye mashine ya sukari. Mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kupima. Akampima na korona. Hakuwa nayo.

"Hana?" Menradi akauliza.

"Hana. Hii ni sukari, baba, na imepanda vibaya sana. Dawa anachoma?"

"Anachoma. Asubuhi na jioni. Navuta mwenyewe, naona ikiingia."

"Anakula nini?"

"Hata asali ameikataa. Ugali wake haumshibishi kuku."

Skolastika aliitazama tena mashine. "Kama dawa inaingia na chakula haingizi, sukari yote hii imetoka wapi?"

 Walimwingiza Odilia wodini, wakamwekea dripu na insulini ya hospitali, na Menradi wakamwambia akae kwenye benchi la nje. Alikaa. Alipitia kila alichofanya tangu ile siku ya redio, hatua kwa hatua, na hakuona alipokosea. Alinawa. Alimzuia asitoke. Alianika. Alivuta dawa mpaka mstarini. Kama yote yalifanywa sawasawa, basi kilichobaki ni kwamba Odilia alikuwa akila kitu kwa siri. Aliukumbuka mgomba wa ndizi tamu ulio karibu na choo, na zile safari zake nyingi za chooni. Wazo hilo lilimjia, akaona haya, akalifukuza, likarudi. Hakujua amwonee mkewe huruma au amkasirikie. Alikaa na vyote viwili.

Odilia alirudiwa na fahamu kamili kesho yake. Menradi aliruhusiwa kuingia, akiwa amevaa barakoa, akasimama upande wa miguu ya kitanda. Skolastika alikuwepo.

"Mama, unajisikiaje?"

"Anaonekana ana nafuu," Menradi akasema.

"Kiu bado?"

"Imepungua. Nimeona hata mdomo umelowa."

"Baba," Skolastika alisema bila ukali, "ninamwuliza mama."

 Pakapita kimya ambacho hakikuwa kimewahi kuwepo kati yao tangu janga lianze, kimya cha watu wawili wanaomngojea wa tatu aseme.

"Kiu imekwisha," Odilia akasema. "Dawa hii ya hapa inafanya kazi."

"Na ile ya nyumbani?"

"Ile imeiva, sista."

"Imeiva?"

"Inaanikwa. Kila siku, kwenye kichanja cha kahawa."

Skolastika alimgeukia Menradi. Menradi alitaka kueleza, na alianza. "Kirusi hufa juani," alisema, na akisema hivyo alisikia sauti yake mwenyewe.

"Na insulini nayo hufa juani, baba," Skolastika alisema. "Ulikuwa unamchoma maji."

Menradi alishika chuma cha kitanda.  Muuguzi akamrudia mgonjwa.

"Mama, wewe ni mtu wa kliniki miaka yote hii. Ulijua?"

"Nilijua tangu asubuhi ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mara moja."

"Mara moja tu?" Menradi akauliza. "Ungesema tena, Mama Ansigari. Ungepiga kelele. Ungevificha. Ungevirudisha kwenye chungu chako nisipokuwepo."

Odilia hakumtazama yeye. Alimwambia Skolastika, kana kwamba mumewe yuko chumba kingine.

"Ungemwona alivyokuwa, sista. Alikuwa halali. Chakula hali. Mikono imechubuka kwa sabuni kama mtu aliyeungua. Kitu kilichomtuliza kilikuwa kimoja tu, kile kichanja. Akishamaliza kuanika, alikaa kidogo kwenye kigoda, akapumua. Nikawaza, nikimwambia kwamba hicho nacho ni kosa, na kwamba ndicho kinachonidhuru, huyu mtu atashika nini? Nikasema nitangoja atulie, ndipo nimwambie. Nikawa napunguza chakula, nakunywa maji. Nilidhani nitaweza kuubeba wangu na wake. Haikuwezekana."

Menradi aliketi bila kuambiwa. Kwa wiki zote zile alikuwa ameamini kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa mmoja na mwuguzaji mmoja. Kumbe ni kweli. Ila alikuwa amekosea kujua nani ni nani.

Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Skolastika alikuja na dawa mpya.

"Mwezi ujao dawa anafuata nani?"

Menradi alivuta pumzi ya kujibu, akaizuia. Akamtazama mkewe. Odilia hakuharakisha. Alitengeneza barakoa yake puani, akafikiri.

"Nitakuja mwenyewe," alisema. "Yeye atanisindikiza, akae pale benchini. Akiona mtu anakohoa, amkimbize."

Skolastika alicheka, kisha akamtazama Menradi kwa makini zaidi: mashavu yaliyobonyea, viganja vilivyopasuka.

"Na wewe, baba, unalala?"

"Halali," Odilia akasema. "Akisinzia kidogo anashtuka, anakuja kuniwekea sikio puani asikie kama napumua. Ndevu zinanichoma."

"Mama," Skolastika alisema, "ninamwuliza baba."

Odilia akaweka mkono juu ya barakoa yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Menradi alitaka kusema kwamba hajambo. Neno lilikuwa tayari, ndilo alilozoea. Lakini wanawake wale wawili walikuwa wanangoja, na hakuna aliyemsaidia.

"Silali," alisema mwishowe. "Ninaogopa. Ninaogopa atakufa. Kila mtu ananiambia kitu, na mimi sijui kipi ni kipi. Hata sasa sijui. Nikitoka hapa nitamsikia Gaudensi tena, na sitajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Lilitoka kwa sauti ndogo, na chumba hakikuanguka.

 Skolastika alisogeza kiti karibu, akamwomba akunje mkono wa shati, akamfunga utepe wa kupimia presha wenye kisaa cha namba juu yake, akaujaza upepo. Wote watatu walisikia hewa ikitoka taratibu.

Odilia alinyoosha shingo. "Imepanda?"

"Mama."

"Haya, nimenyamaza."

Menradi alizitazama zile namba. Hakuzielewa vizuri, lakini aliuona uso wa muuguzi.

"Imepanda," akamjibu mkewe yeye mwenyewe, akageuza mkono wake upande wa kitanda ili Odilia naye azione.

Funzo: Hofu ya anayeuguza nayo ni ugonjwa. Itaje mapema, la sivyo mgonjwa wako ataacha kujitibu ili akutibu wewe. Na kabla hujamwuliza mtu yeyote habari za mgonjwa, mwulize yeye mwenyewe, kisha ungoje ajibu.